Siri ya Ujana katika Maandishi: Kutoka Namagondo hadi Piyaya

Hapana umri unaosemwa sana na kusikilizwa kidogo kama umri wa kubaleghe. Mtoto mchanga akilia, nyumba nzima huamka. Mzee akiguna, wajukuu humwuliza anaumwa wapi. Kijana wa miaka kumi na minne akinyamaza husifiwa kuwa ana adabu, na akisema huambiwa kuwa ameota mapembe. Kati ya adabu hiyo na mapembe hayo mna taabu nyingi zisizo na jina katika mazungumzo ya watu wazima, na kwa kuwa hazina jina hudhaniwa kuwa hazipo.

Kazi moja ya fasihi ni kukipa jina kitu kilichokosa jina. Yafaa basi kupima jinsi maandishi yalivyoifanya kazi hiyo kwa ajili ya kijana wa nchi hii, na vitabu viwili vinatosha kwa kipimo hicho. Cha kwanza ni riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika, iliyotoka mwaka 1971, ambayo mwanzo wake ni kijiji cha Namagondo katika kisiwa cha Ukerewe. Cha pili ni masimulizi ya maisha ya Tepilit Ole Saitoti, The Worlds of a Maasai Warrior, yaliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1986, na chimbuko lake ni nyika za Serengeti na Ngorongoro. Nchi hiyo ndiyo ya wafugaji wa Kimaasai ambayo kata ya Piyaya ni sehemu yake. Vitabu hivi havifanani kwa lugha, wala kwa umbo, wala kwa mwisho wa mhusika mkuu. Walakini vikiwekwa pamoja vyafundisha jambo ambalo kila kimoja peke yake hakilisemi wazi: kwamba kinachomvunja kijana si uchungu wenyewe, bali ni kunyamaza kusiko na kikomo wala mwenzi.

Lugha ya Kiswahili ina utajiri mkubwa upande mmoja wa jambo hili na umaskini upande mwingine. Utajiri wake umo katika maneno ya uso wa mtu mbele ya watu. Haya ni ulinzi wa ndani. Mwenye haya hujizuia kabla ya tendo. Soni humtazamisha mtu chini. Aibu humfika mtu machoni pa wenzake. Fedheha ni aibu iliyotangazwa, nayo haimpati mtenda peke yake, bali humpata baba, mama na ukoo mzima. Hata mabadiliko ya mwili yamepewa maneno ya kusitiri: msichana husemwa kuwa amevunja ungo, kisha huwa mwari na kuwekwa ndani, mvulana hutiwa jandoni na kurudi na jina la utu uzima. Maneno haya yote yatazama kutoka nje. Yaeleza jinsi jamii imwonavyo kijana, si jinsi kijana ajionavyo. Upande wa ndani, huzuni, majonzi na simanzi hupewa mfiwa, na kijana ambaye hakufiwa na mtu haruhusiwi kuyadai. Neno sonona, ambalo siku hizi hutumiwa na waganga wa hospitali kwa ugonjwa wa huzuni ndefu, halijafika bado katika nyumba nyingi. Basi kijana ana maneno manne ya kumwonya asiaibishe, na hana hata moja la kueleza kuwa ameelemewa.

Fasihi ya zamani ilifuata njia hiyohiyo ya lugha. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa karibu na mwaka 1858, ni maneno ya mama mgonjwa kwa binti yake anayekaribia kuolewa. Shaaban Robert naye alitunga Utenzi wa Hati kwa binti yake na Utenzi wa Adili kwa mwanawe. Tungo hizi ni hazina, na mapenzi ya mzazi yaliyomo ndani yake hayana shaka. Lakini katika zote mzazi husema na mtoto husikia. Msomaji humaliza utendi akijua kwa ukamilifu jinsi Mwana Kupona alivyotaka binti yake awe, na asijue neno moja ambalo binti huyo alilijibu moyoni. Hilo si kosa la watungaji, maana utanzu wa wosia hauna nafasi ya jibu. Ni dalili tu ya kwamba kwa muda mrefu kijana alikuwamo katika fasihi kama sikio, hakuwamo kama kinywa.

Mwaka 1971 mambo yaligeuka. Katika mwaka huohuo Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Ndoa, ambayo ilimruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya wazazi, ilhali mvulana aliwekewa miaka 18. Sheria ilimtazama msichana wa umri huo ikaona mke. Kezilahabi alimtazama msichana wa umri kama huo akaona mtu mwenye chumba ndani yake, na mlango wa chumba hicho umefungwa kwa nje. Vifungu hivyo vya sheria vilikuja kutamkwa na Mahakama Kuu mwaka 2016 kuwa vyapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubali hukumu hiyo mwaka 2019. Riwaya ilikuwa imeitangulia mahakama kwa miaka 45.

Kisa cha Rosa chajulikana. Baba yake, Zakaria, ni mlevi aliyeitupa nyumba yake lakini hakuitupa heshima yake. Barua ya mvulana aitwaye Charles inapoingia mikononi mwake, anampiga binti yake kipigo kikubwa. Rosa anatoka nyumbani akiwa na hofu ya wanaume badala ya maarifa juu yao. Anasoma Rosary, kisha chuo cha ualimu Morogoro, na njiani hofu ile inageuka kuwa kinyume chake. Anatupwa kutoka mkono hadi mkono, anatoa mimba, anajaribu kujenga maisha mapya kwa uchumba na Charles yuleyule wa zamani, na uchumba huo unavunjwa na historia yake mwenyewe. Mwisho anajiua. Kitabu hakiishii kaburini, bali huwapandisha baba na binti hadi mbele ya hukumu ya Mungu.

Riwaya hii ilipotoka ilipigwa marufuku shuleni kwa muda, kwa hoja kwamba yaharibu maadili ya vijana. Tangu hapo wasomaji wengi wamegawanyika pande mbili. Upande mmoja humsoma Rosa kama onyo: msichana aliyepotea na kulipwa upotevu wake. Upande wa pili humsoma Zakaria kama mshtakiwa: baba aliyebana mno, kamba ikakatika. Pande zote mbili zina ushahidi, lakini zote hutafuta mkosaji, na anayetafuta mkosaji husahau kuuliza swali jepesi kuliko yote: Rosa angemwambia nani?

Swali hili likichukuliwa kama taa na kupitishwa katika kitabu, kurasa nyingi huonekana upya. Baba hawezi kuambiwa, kwa kuwa yeye ndiye kipigo. Mama, Regina, ana huruma, lakini naye hupigwa. Mtoto mwenye mapenzi hamwongezei mzigo mama aliyeinama. Wadogo zake humtazama kama kioo, na kioo hakiruhusiwi kuwa na ufa. Chuoni wapo wanaume wenye mamlaka, ambao badala ya kuwa kimbilio hugeuka kuwa sehemu ya hatari. Kanisa lina masikio, lakini masikio hayo hupokea dhambi, na taabu ya Rosa ilianza kabla hajatenda dhambi yoyote. Hata Charles, siku ambayo ukweli ungeweza kuwa daraja, anauchukua kama hati ya mashtaka. Kila mlango una mtu nyuma yake, na hapana mlango hata mmoja ufunguliwao. Hapo ndipo ukubwa wa riwaya hii ulipo. Ufisadi wa Rosa, ambao ulizua kelele nyingi, ni matokeo tu. Sababu ni upweke uliojengwa kwa ustadi na watu wengi, wengine wakiwa wema.

Kutoka Ukerewe hadi nyika za Ngorongoro ni kubadili kila kitu: ziwa kwa malisho, misa kwa baraka za wazee, barua ya mapenzi kwa kisu cha ngariba. Ndiyo maana kitabu cha Saitoti ni mwenzi mzuri wa kulinganisha. Kisa cha jando lake ni sehemu ijulikanayo zaidi ya masimulizi yake. Kabla ya siku hiyo baba yake anamweleza bila kuficha kwamba kisu kitapita mahali penye uchungu mwingi kuliko pote, na kwamba hatakiwi kutikisa mwili wala kupepesa jicho. Akitikisika, aibu haitakuwa yake pekee, bali ya nyumba nzima. Ndugu wanamchochea kwa maneno makali. Maji ya baridi yanamwagwa mwilini alfajiri. Watu wanasimama kumtazama usoni. Anastahimili, na baada ya hapo damu inamtoka kwa wingi hata analegea.

Uzito wa jambo hili kwa nafsi ya kijana si mdogo kuliko kipigo cha Zakaria. Hapa pia heshima ya watu wengi imewekwa juu ya mwili wa mmoja, na hapa pia kanuni ya kwanza ni kunyamaza. Mtu anayesema kwamba mila ilimlinda kijana dhidi ya dhiki za moyo hajausoma ukurasa huo vizuri. Lakini tofauti tatu zaonekana, na katika hizo hukumu yote ya makala haya imesimama. Kwanza, Saitoti aliambiwa. Baba alimtajia uchungu kwa jina lake kabla haujaja, ilhali Rosa aliadhibiwa kwa jambo ambalo hakuna aliyekuwa amemweleza. Pili, kunyamaza kwa Saitoti kulikuwa na mwisho. Kulianza na kisu na kukaisha na kisu; baada ya hapo jasiri huruhusiwa kulia, kutunzwa, kupewa ng'ombe na kusifiwa. Tatu, alikuwa na wenzi. Vijana waliotahiriwa wakati mmoja huvaa nguo nyeusi, hupaka nyuso zao rangi nyeupe, huwinda ndege na kujivika taji la manyoya yao, na tangu siku hiyo huwa rika moja hadi uzee. Jambo lile ambalo kila mmoja alilistahimili peke yake hugeuka kuwa mali ya wote.

Mabishano ya wataalamu wa ng'ambo yaweza kusaidia hapa kidogo. Mwaka 1904 G. Stanley Hall wa Marekani aliuita umri huu kuwa wa dhoruba na msukosuko, kana kwamba dhoruba ni sehemu ya mwili kama ndevu. Mwaka 1928 Margaret Mead, aliyekuwa amerudi kutoka visiwa vya Samoa, alidai kwamba wasichana wa huko hupita umri huo kwa utulivu, na kwamba dhoruba hutokana na malezi. Derek Freeman alimpinga vikali mwaka 1983. Vitabu viwili vya Afrika Mashariki havimpi ushindi mmoja wao. Vyaonyesha kwamba dhoruba ipo kila mahali, lakini jamii moja hujenga bandari na nyingine humwambia kijana ajifanye kwamba bahari imetulia.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba ushahidi wa Saitoti ni kamili. Masimulizi ya maisha huandikwa na aliyevuka. Saitoti alistahimili, akasoma, akafanya kazi katika hifadhi ya Serengeti, akaenda kusoma Marekani, akaandika. Yule aliyetikisika chini ya kisu hakuandika kitabu. Jina lake hutajwa kwa kicheko au halitajwi kabisa, na hapana rika linalomfungulia mkono. Mhakiki anayesifu ujasiri wa mwandishi bila kumkumbuka mtu huyu asiye na kitabu husoma nusu ya ukurasa. Kadhalika Kezilahabi ana upungufu wake. Mara kwa mara msimulizi humtangulia Rosa na kumweleza msomaji maana ya kila jambo, hata moyo wa msichana husikika kupitia mahubiri ya mtu mzima. Na hukumu ya mbinguni, ingawa ni ya kishujaa katika kumweka baba na mtoto kizimbani pamoja, hulifunga kwa uamuzi swali ambalo lingalifaa kubaki wazi. Rosa hakuwahi kukosa mahakimu. Alikosa msikilizaji, naye hakumpata hata huko juu.

Sasa mzigo wa vitabu hivi viwili wakutana juu ya mabega ya mtu mmoja, na mtu huyo aweza kuonekana katika mahali kama Piyaya. Kijana wa huko huzaliwa katika lugha ya Kimaa, husoma darasani kwa Kiswahili, na akifaulu mtihani wa darasa la saba hukutana na masomo ya sekondari kwa Kiingereza. Jando humtaka asipepese jicho. Shule humtaka anyoshe kidole na kuuliza. Zamani heshima ya boma ilihesabiwa kwa ng'ombe. Lakini malisho yamebanwa mara nyingi: mwaka 1959 Wamaasai waliondolewa Serengeti ilipotengwa na Ngorongoro, na mwaka 2022 eneo la kilomita za mraba 1,500 lilitengwa katika Loliondo kwa ajili ya wanyama wa porini. Ng'ombe wanapopungua, heshima hutafuta mahali pengine pa kukaa, nayo hukaa juu ya cheti cha mtoto. Mtoto aliyepelekwa bweni kwa fedha za mifugo iliyouzwa hajui tu kwamba afaulu. Ajua pia ni ng'ombe wangapi waliokwenda. Akishindwa hesabu, hashindwi peke yake. Hiyo ndiyo sheria ya jando, ila sasa kisu hukaa miaka minne, na hapana siku ambayo mtu hutokea na kumwambia kwamba yamekwisha, sasa waweza kulia.

Kwa msichana hali ni nzito zaidi. Sheria ya mwaka 1998 ilifanya ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai, na ilikuwa haki kufanya hivyo, maana madhara yake kwa mwili na kwa uzazi hayana mjadala. Lakini pale ambapo jambo hilo liliendelea, lilihamia sirini. Likapoteza nyimbo, sherehe na kundi la wenzi, likabakiwa na jeraha na kiapo cha kutosema. Msichana wa namna hiyo amepewa mabaya ya pande zote: uchungu wa mila bila rika lake, na ukimya wa Rosa bila hata barua. Akipata mimba akiwa shuleni, kwa miaka mingi alifukuzwa. Ni Novemba 2021 tu ndipo Serikali ilipotangaza kwamba wanafunzi waliojifungua wataweza kurudi katika shule za kawaida. Mlango umefunguliwa kwa tangazo. Lakini msichana aliyezoea kwamba kusema ni kufukuzwa hafunguki kwa tangazo peke yake.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana maradhi ya akili ya namna fulani. Darasa la wanafunzi 42 lingekuwa basi na sita kama hao. Mwalimu anayeyasoma makadirio hayo aweza kudhani kwamba sita hao watajulikana kwa fujo zao. Fasihi yamwonya vingine. Rosa alikuwa mtoto mtiifu kuliko wote katika nyumba ya Zakaria, na Saitoti alikuwa tuli kuliko wote asubuhi ile ya baridi. Utulivu wa kijana si ushahidi wa amani yake. Mara nyingine ni kazi ngumu kuliko zote anazozifanya.

Hapa uhakiki una wajibu wake. Kwa muda mrefu wanafunzi wa fasihi wamefundishwa kuorodhesha dhamira: malezi mabaya, ulevi, mapenzi, mgongano wa mila na usasa. Orodha hiyo hujibu maswali ya mtihani, na haimgusi anayeijibu. Mwanafunzi wa bweni aliyeficha taabu yake huandika kwa mwandiko mzuri kwamba Rosa ni mfano wa malezi mabaya, hupata alama zake, na huenda kulala na siri yake ileile. Kama angeulizwa badala yake ni nani ambaye Rosa angaliweza kumwambia, na kwa nini kila mmoja hakufaa, angelazimika kupita katika milango ile mmoja mmoja. Na huenda katika kupita huko angeuona mlango wake mwenyewe.

Kuna pia kitabu ambacho bado hakipo. Saitoti aliandika kwa Kiingereza, na aliandika habari za mvulana. Rosa ni msichana, lakini ametungwa na mwanamume na ni mtu wa kisiwani. Msichana wa nyika za Ngorongoro, mwenye Kimaa cha mama, Kiswahili cha daraja la kwanza na Kiingereza cha mashaka, anangojewa katika fasihi ya Kiswahili kama kinywa, baada ya kuwa sikio kwa muda mrefu mno. Kitabu chake kitakapoandikwa, huenda hakitakuwa na hukumu ya mbinguni wala ushindi wa shujaa. Yatosha kiwe na mtu mmoja ndani yake, bibi, mwalimu au shoga wa bwenini, ambaye msichana anamwambia neno la kwanza, na mtu huyo hashtuki, hapigi, wala hahukumu.

Hadi siku hiyo, wasomaji watumie vitabu walivyo navyo, na wavitumie vyema. Wazee wa zamani walijua kwamba mzigo wa kichwani hautui wenyewe. Hutuliwa na mwenzi anayeshika upande wa pili. Kezilahabi ameonyesha binti asiyekuwa na wa kumtua, na Saitoti ameonyesha kijana aliyetuliwa na rika lake baada ya kupimwa kwa ukali. Kati ya mifano hiyo miwili walezi na walimu wana nafasi ya kutosha ya kuchagua, na hakuna anayehitaji kungoja kisu wala kaburi ili achague.